Unga Mwekundu Kwenye Kibodi Yangu

Jumatatu, 23 Oktoba 2023
Ayudha Puja, sikukuu yetu Wahindu ya kubariki vyombo vya kazi. Leo mji mzima wa Hubballi, hapa India, hakuna anayegusa chombo cha kazi. Swichi za mtandao tumezivika mashada ya maua, kila kibodi nimeitia vidoa vya unga mwekundu kwa mkono wangu. Saa tano na nusu tukatoka mlangoni kupasua maboga, kama desturi ya siku hii. Bosi Gurunath akasema tuanze, anamalizia sala kwenye kompyuta yake. Haya.

Jumatano, 25 Oktoba
Jana ilikuwa mapumziko; leo hospitali tunayoihudumia mtandao ilianza kulalamika kabla sijaweka mkoba chini — picha za eksirei haziwafikii madaktari! Nikakimbilia chumba cha mashine. Lango la 14 kwenye swichi kubwa, gharama imepandishwa kutoka 10 hadi 1000. Swichi hutangaziana gharama za njia, kisha mzigo hufuata iliyo nafuu. Basi mzigo wote ulikuwa umehamia njia ya akiba, nyembamba mno. Nikarudisha 10 hapo hapo. Ikapona.
Kumbukumbu ya swichi inamtaja nani? Mimi! Vaidehi, Jumatatu, saa sita kasorobo, kutoka kompyuta yangu. Na mwezi ujao ndiyo wanaamua kama nitathibitishwa kazini. Nimeogopa sana.
Mezani kwangu unga umetapakaa kwenye kibodi, hasa kwenye 1 na 0. Za wenzangu, hata ya bosi, vidoa bado vizima. Nimeichomoa yangu, natumia nyingine.
Nenosiri langu wanalijua wote, limo kwenye daftari la bosi. Namshuku Imtiyaz, fundi mwenzangu. Yeye ni Mwislamu, sikukuu yetu haimfungi mikono.

Alhamisi, 26 Oktoba
Nimemchunguza Imtiyaz kutwa. Akaniuliza mbona namkodolea macho. Nikasema macho yanauma.
Jioni nimefungua picha za sikukuu. Saa sita kasorobo Imtiyaz yuko mlangoni, sanduku la peremende mikononi, mimi ubavuni pake. Nimeona aibu!
Anayekosekana pichani ni mmoja tu, bosi. Na nimeuliza kwa mafundi wa njia kuu: Jumatatu waliomba ipumzishwe kwa muda wa saa moja, wakampigia bosi. Akapandisha gharama, akasahau kuishusha. Chombo chake hakutaka kukivunjia mwiko — akakivunjia changu!

Ijumaa, 27 Oktoba
Bosi ameniita. Hospitali inataka jina la aliyekosea leo.
"Binti, andika Imtiyaz. Kila mtu ataamini, na wewe utabaki kazini."
Hakuniuliza kama ni mimi. Kwa nini hakuuliza?
Nikamwambia Imtiyaz yuko kwenye picha. Kisha akataka kujua kibodi yangu ya zamani nimeiweka wapi.
Saa tisa. Fomu iko wazi mbele yangu, pa jina patupu. Imtiyaz ameniletea chai, wala hajui kitu. Bosi anakuja na kitambaa kibichi. Anasema sikukuu imekwisha, anisaidie kusafisha meza.
Kibodi ya zamani, na unga wake kwenye 1 na 0, iko mapajani mwangu, chini ya daftari hili. Naendelea kuandika. Ameshafika, ananyoosha mkono —