Nyimbo Kubwa Kuliko Simu

Sultan Hamud,
4 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumai mgongo umetulia na mbuzi ni salama. Mimi niko imara, ila vumbi la barabara ya Mombasa linanikohoza.

Nakutumia flashi yenye nyimbo nane za kwaya yako, zile nilizorekodi Agosti. Hii ni sauti ya aina mpya, safi kabisa, haikubanwa ipungue hata chembe, ndiyo maana kila wimbo unachukua nafasi kubwa. Utamsikia Mbinya, mwimbaji wenu, akivuta pumzi kabla ya ubeti! Mapatano yetu nayakumbuka: nyimbo zisiposhika watu kufikia Krismasi, nafunga studio, narudi kulima shamba la marehemu baba. Mama, tafuta kibarua mapema. Sirudi.

Mwanao,
Kyule


Zombe,
23 Septemba 2024

Mwanangu Kyule,

Pokea salamu za nyumba yote. Mgongo unauma kama kawaida, lakini jembe nalishika bado. Hicho kifua kitibu kwa tangawizi.

Nyimbo tulizisikiliza kanisani. Mbinya amenuna, anasema umeanika pumzi yake mbele ya washirika. Mulinge wa bodaboda alijaribu kutia wimbo mmoja kwenye simu, simu ikamwambia imejaa, afute picha. Picha ni za mtoto wake. Unadhani alifuta nini? Simu yangu nayo haikufungua kabisa. Tena watu husikiliza wakipura ndengu, wakipika, redio ya jirani ikilia. Nani atakaa kitako asikilize pumzi?

Mvua yaja. Jembe lako nimelitia mpini mpya.

Mama yako,
Kalondu


Sultan Hamud,
11 Novemba 2024

Mama,

Habari ya huko? Samahani kwa kunyamaza. Mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa.

Barua yako ilinikasirisha. Nikasema watu hawajui kusikia, nitawafundisha. Nikawachezea wateja wimbo mmoja mara mbili, spika nyuma ya pazia: ule mkubwa, halafu nakala yake niliyoibana ikawa ndogo ya kuingia kwenye simu. Hakuna aliyejua tofauti. Mmoja akaniambia, "Boss, zote ni tamu, lakini gani itaingia kwa simu yangu?" Nikamcheka. Kisha Kimeu, fundi mwenzangu, akanivalisha zile hedifoni zangu za bei, nikafumba macho. Akanichezea zote mbili, nikasema ule mdogo ndio safi zaidi. Mara tatu, Mama! Nimeona haya sana.

Nafunga mwisho wa mwezi. Nitakukuta kwenye palizi.

Mwanao,
Kyule


Zombe,
15 Novemba 2024

Mwanangu,

Salamu nyingi. Ndengu zimeota vizuri, nami sijambo. Keti chini usome pole pole.

Usifunge. Nimekuficha jambo. Wiki ileile flashi ilipofika, Wavinya wa sauti ya pili alirekodi wimbo wa tatu kwa kisimu chake ulipokuwa ukichezwa pale kanisani, watoto wakikohoa, akautuma kwa kundi la kwaya la kwenye simu. Umefika Kitui, umefika Mutito. Viongozi wa kwaya nyingine mbili wamekuja hapa nyumbani kuuliza fundi aliyeturekodi sisi yuko wapi. Nikawajibu sijui. Mimi, mzee wa kanisa, nikasema sijui! Nilitaka urudi. Shamba ni kubwa na nyumba imekuwa kimya tangu baba yako aende.

Lakini uliposema moyo ni mgonjwa, chakula kilinishinda. Zibane hizo nyimbo ziingie kwa simu za watu, uweke jina lako na namba. Zile kubwa zitunze wewe. Wale viongozi nimewapa namba yako leo asubuhi, watakupigia. Mapatano uliyashinda kitambo.

Nimepata kibarua, Muthama, atanisaidia palizi. Krismasi uje siku tatu, kisha nitakusindikiza stendi.

Mama yako,
Kalondu