Chanjo Uliyomkataza Njeri

Dada Wairimu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la zahanati, hapa Kaptembwo. Binti yako Njeri yuko kando yangu, anakula mandazi kana kwamba tumekuja harusi. Tumekuja kwa ile sindano ya kansa ya mlango wa kizazi. Ile uliyomkataza. Siku wauguzi walipofika shuleni ulimfungia nyumbani, ukampigia mwalimu simu: "Anaumwa na tumbo."

Halafu kansa hiyo hiyo ikakuchukua. Wairimu, bado nina hasira na wewe.

Unakumbuka kuku wako wa kwanza? Mia moja na ishirini. Walikuwa wameshaanza kusinzia, shingo zimepinda, ndipo ukakimbilia agrovet, duka la dawa za mifugo, kununua chanjo ya ugonjwa wa Newcastle. Wiki haikuisha, wakabaki tisa. Ukawatangazia kina mama wa kanisa, "Hiyo dawa ndiyo iliwamaliza!" Nilikuambia walikuwa wagonjwa tayari. Mimi sikusoma, lakini kuku nimefuga tangu kibanda cha mabati hadi leo nina mia nane, na hesabu ya chanjo naijua: ni kabla, si baada. Ukanicheka. "Haya, daktari wa kuku!" Tangu hapo kila chanjo kwako ikawa sumu. Watu waliposema hii ya wasichana inafunga kizazi, hukuuliza hata swali moja.

Mimi nimeuliza. Muuguzi wa hapa ana subira. Anasema kansa hii huletwa na kirusi, lakini ndani ya sindano hakuna kirusi kizima, ni mfano wa ganda lake tu, tupu. Mwili ukiliona unatengeneza kingamwili za kulishika ganda hilo, si jingine. Siku kirusi chenyewe kikija, zinakirukia kabla hakijaingia kwenye seli. Kikishaingia, kingamwili hazikifikii tena. Hapo kazi ni ya seli za kinga, askari wa mwili, zinazopita zikikagua kila seli kwa nje, zikitafuta vipande vya kirusi ili ziiue iliyoambukizwa. Mara nyingi zinashinda. Lakini seli nyingine huficha vile vipande, na zikigeuka kansa zinajua hata kuwatuliza askari. Wanapita tu.

Nilimuuliza, "Kwa hivyo dadangu alipitwa?" Akasema, "Pengine kwa miaka mingi, mama."

Miaka mingi, Wairimu. Ulikuwa unaimba kwaya. Ulikuwa unanicheka.

Sasa naogopa pande zote mbili. Naogopa nikimrudisha Njeri nyumbani. Naogopa pia akidungwa mkono ukavimba, mama mkwe wako aseme nimemuua mjukuu wake kwa ukaidi. Hata muuguzi hakunidanganya. Alisema chanjo inazuia aina mbaya zaidi za kirusi, si zote, na Njeri akiwa mkubwa bado atahitaji kupimwa kansa hiyo.

Hapo ndipo mtoto wako alipoacha mandazi. Ana macho yako, na mdomo wako pia. "Tata," ndivyo anavyoniita mimi mama yake mdogo, "na wewe umewahi kupimwa?"

Nikajifanya natafuta leso.

"Basi wewe kwanza. Ukipimwa, nadungwa. Ukikataa, twende nyumbani."

Umeona ulichoniachia? Mtoto wa miaka kumi na mmoja anapatana nami bei kama mama wa soko. Na mimi, niliyekusema mpaka kaburini, tangu nikuzike sijathubutu kuingia kile chumba cha kupimiwa. Nilijiambia ni shughuli za kuku. Ni woga, dada. Nikipimwa wakikuta kitu, huyu atabaki na nani?

Lakini nisipopimwa atabaki na nani vilevile?

Wameniita. Njeri ameshasimama, ananivuta mkono. Wairimu, pumzika, hasira yangu nitaibeba mwenyewe hadi ipungue. Nakuahidi mbele ya mtoto wako: majibu yakitoka, mazuri au mabaya, nitakuja kuyachukua, sitayakimbia. Na yeye atadungwa leo.

Kwaheri, dada. Naingia.

Mdogo wako,
Wambui