Udongo Laini Kama Siagi

High Birk,
Bonde la Skarrow.
14 Machi

Dada yangu Isobel,

Pokea salamu zangu za heshima na upendo. Natumaini goti lako limepoa tangu ulipoanguka kwenye barafu, na kwamba ngazi za hapo Leeds sasa unazipanda bila fimbo. Mimi ni mzima. Mbwa naye ni mzima ila amezeeka, hasikii nikimwita isipokuwa nikiwa nimeshika chakula. Kondoo wameanza kuzaa wiki hii, na theluji bado ipo kwenye kivuli cha kuta. Ile jamu ya machungwa uliyoituma imebaki chupa moja.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Simu ya hapa unaijua, mtu akifika kwenye jambo lenyewe ndipo inapokatika. Nami nina jambo la kusomwa, pengine mara mbili. Wakati wa Krismasi uliniambia kwamba mkongo wa intaneti ukifika High Birk utarudi nyumbani, kwa kuwa hesabu za hospitali unazozifanya kwa kompyuta unaweza kuzifanyia popote penye mtandao imara. Ulisema mwisho wa Machi utamwandikia mwenye nyumba wako kwamba unahama. Nakuomba usimwandikie kabla hujaifikisha barua hii mwisho.

Nitaanza na fedha, maana ndiyo kazi niliyopewa. Kampuni ya simu tuliyoiomba ilitujibu kwa adabu kwamba nyumba hamsini na mbili zilizotawanyika bondeni haziwezi kurudisha gharama ya kuchimbiwa. Ndipo tukaunda ushirika wetu. Mwenyekiti ni Dorcas Thwaite, yule muuguzi aliyemhudumia mama, na mimi ni mweka hazina. Mradi mzima tuliukadiria pauni laki moja na arobaini na nane elfu. Karibu nusu ni ruzuku ya serikali, inayohesabiwa kwa kila nyumba iliyokubali kuunganishwa. Nusu ya pili ni hisa tunazouziana wenyewe. Hakuna mkulima anayetoza mkongo kupita kwake, na anayechimba mtaro kwenye ardhi yake hulipwa kwa hisa, si kwa fedha taslimu. Bila mapatano hayo tungekuwa bado tunazungumza tu, kwa sababu kuchimba barabarani ni ghali mara nyingi kuliko kuchimba malishoni.

Dorcas alipita nyumba kwa nyumba kuuza hisa. Mzee Septimus Raine, ambaye sasa ana miaka themanini na minne, alimwuliza faida itaonekana lini. Akaambiwa kwamba fedha akishaziweka haruhusiwi kuzitoa kwa miaka mitatu. Septimus akasema, "Mitatu? Basi umenilazimisha kuishi, mwanamke wewe." Akanunua hisa za pauni mia tano.

Mwezi Novemba tulikutana katika ukumbi wa kanisa, ramani ikiwa mezani na keki ya zabibu juu ya ramani. Dorcas alimtaka kila mkulima aseme ardhi yake ikoje, laini au mawe, ili tupate bei ya kila mita. Hapo ndipo tulipokosea. Unajua watu wa hapa tulivyo. Mtu atawasema kondoo wake, atamsema shemeji yake, ataisema mvua na serikali, lakini hataisema vibaya ardhi yake mbele ya majirani. Kila mmoja akavutia ngozi kwake. Clement Fawcett alinigongea daftari kwa kidole akasema, "Andika laini, Rowland. Udongo wangu ni siagi. Njooni na kijiko cha chai." Septimus akasema ikiwa wa Clem ni siagi, wake ni siagi iliyosahauliwa juani. Meza ikazunguka hivyo mpaka zamu yangu ilipofika. Nilisema kwamba Malisho ya Juu, ambayo mkongo hauna budi kuyapita ili ufike kwetu, yana udongo wenye kina cha mkono mzima, kama baba alivyokuwa akiwaambia watu. Nikaandika laini, bei ya laini.

Uchimbaji ulianza Januari, shambani kwa Clem. Mashine haikufika mita ya kumi. Chini ya majani kulikuwa na bamba la mawe ya chokaa, na meno mawili ya mashine yakakatika. Watu walikuwa wamesimama ukutani wakitazama, na Dorcas alikuwa miongoni mwao. Akauliza kwa sauti ya kusikika, "Vipi, Clem, siagi imeganda?" Clem hakugeuka. Akasema, "Ni baridi tu hii. Ngojeni Juni." Kwa siku kadhaa kila aliyekutana naye dukani alimpa kijiko cha chai. Kimoja kati ya hivyo nilikitoa mimi, nami sasa nisingekitoa.

Kicheko kiliisha tulipohamia shamba la pili na la tatu. Tulikodi msumeno wa kukata mawe, ambao hulipiwa kwa siku, iwe unakata au umenyeshewa mvua. Februari ilipoingia nilikuwa nimeshapiga hesabu upya. Kwa mwendo ule, na kwa mashamba yaliyosalia, tungepungukiwa na pauni elfu thelathini na moja. Tena masharti ya ruzuku yalikuwa wazi: fedha za upande wetu zote ziwe benki kabla Februari haijaisha, ama sivyo ruzuku ingepelekwa bonde jingine.

Dorcas aliitisha mkutano tarehe tisa. Alikuja na keki kama kawaida, lakini kopo la keki aliliweka chini ya kiti chake akakikalia. Akatuambia kwamba hapatakuwa na keki mpaka ausikie ukweli kuhusu kila shamba. Akasema, "Nusu yenu nimewaona bila nguo. Msinionee haya kwa ajili ya mawe." Wa kwanza kuinuka alikuwa Septimus. Alisema yake ni mawe matupu. Babu yake alijua, baba yake alijua, na kondoo wanajua. Clem akasema yeye hana la kuongeza, meno ya mashine yamekwisha kumsemea. Wengine wakafuata, na sikuwa nimewahi kuona wakulima wakiisema ardhi yao vile, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaovua makoti.

Zamu yangu ilipofika niliwaambia habari za Juno. Bila shaka unamkumbuka yule farasi. Alifia Malisho ya Juu wewe ukiwa na miaka kumi na miwili, nami tisa. Baba alitaka kumzika palepale alipoanguka. Alichimba siku mbili kwa sululu na shimo halikupita magoti yake, mwishowe akamfunga minyororo akamburuta kwa trekta hadi chini kwenye udongo wa mto. Wewe ulilia kwa sababu ya minyororo. Nikamaliza kwa kusema kwamba huo ndio udongo wa Malisho ya Juu, na kwamba katika zile elfu thelathini na moja zinazopungua, elfu kumi na tisa ni za mtaro wa kwetu, kwa ajili ya nyumba moja.

Kisha nikaomba High Birk ifutwe kwenye mradi. Clem aliniambia niache upumbavu, kwamba tuliapa nyumba zote au hakuna. Nilimjibu kwamba hamsini na moja ni nyingi kuliko hakuna. Dorcas akasema mtu hapigi kura akiwa na hasira. Nikamwambia kwamba sina hasira, mimi ni mweka hazina. Mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wangu, na iliyobaki ikafuata polepole.

Zile elfu kumi na mbili zilizosalia zilipatikana kwa hisa. Clem alimpeleka mnadani kondoo dume wake, yule aliyemletea utepe wa mshindi wa kwanza kwenye maonyesho, na bei yote akaiingiza kwenye ushirika. Septimus alileta fedha alizokuwa ameweka kwa ajili ya mazishi yake, akasema jeneza litangoja, si ameambiwa aishi miaka mitatu? Tarehe ishirini na saba Februari benki ilithibitisha. Mkongo utawashwa Skarrow mwezi wa Agosti. Nyumbani kwetu hautafika.

Sasa, Dada, lipo ambalo sikulisema ukumbini, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wenzangu huenda waliyasahau mawe yao, au walikuwa wamejisifu miaka mingi hata wakaziamini sifa zao. Mimi sikusahau. Ile Novemba, kalamu ikiwa mkononi, nilimkumbuka Juno waziwazi, na shimo, na minyororo. Nikapima. Nikiandika mawe, High Birk itafutwa usiku uleule, na sababu pekee niliyotumaini ingekurudisha itakwisha nayo. Nikaandika laini. Katika shajara ya siku hiyo nilijaza hali ya hewa tu. Nilikuwa nimekaa katika nyumba hii peke yangu miaka sita, na nikaona kwamba jiwe haliwezi kuwa na neno la mwisho juu ya jambo hilo. Lilikuwa nalo. Wewe ulipiga hesabu zako kwa kuyategemea maneno yangu, kwa hiyo wewe ndiwe wa kuambiwa kwanza. Dorcas nitamwambia Jumapili.

Lipo jingine, nalo nitalisema kama lilivyo. Lile banda la maziwa mwisho wa njia yetu, pale baba alipokuwa akiacha makopo yachukuliwe na lori, ni letu bado, na mkongo utapita kandokando ya ukuta wake ukifuata mpaka wa Clem. Kuliunganisha kunagharimu kama nyumba yoyote ya bondeni, na gharama hiyo nitailipa mimi. Linaweza kuwa ofisi yako ya mchana. Nimeezeka upya upande wa mashariki. Upande wa magharibi unavuja mvua ikija na upepo, na hapa mvua huja na upepo. Nimeweka jiko dogo la kuni. Linatoa moshi kwa nusu saa kabla ya kutulia. Dirisha ni moja na linatazama ukuta. Kutoka hapo hadi nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini kupanda kwa goti zima, na lako si zima. Majira ya baridi utashuka gizani na kupanda gizani, nami nitakuja na gari, isipokuwa siku ambazo gari halitapita. Choo hakuna; Clem amesema utumie cha kwake. Kiti nilichoweka mezani ni cha mama.

Hayo ndiyo makadirio yangu, na safari hii sikutia siagi. Sasa mwandikie mwenye nyumba wako, au usimwandikie.

Dorcas anakusalimu na anauliza kama goti ulilionyesha kwa daktari au ulijitibu mwenyewe. Clem na Septimus wanakusalimu pia. Chumba chako nimekipaka chokaa. Nilikuwa nimekwisha kuinunua. Nifikishie salamu kwa jirani yako wa ghorofa ya chini, na ujitunze huko kwenye barafu.

Ni mimi mdogo wako,

Rowland Iveson