Mhina, Dada Yako Hakukuroga

Mhina, Mzigua wewe,

Sikusalimu. Ulipokuwa hai hukuitikia mpaka umalize kukohoa. Ni mimi mtani wako, Mnyamwezi uliyeniita mzigo wa treni kwa kuwa nililetwa mkongeni kwa treni. Niko hapa shamba la mkonge Kwamndolwa nakuandikia kwa hasira. Mwandiko ukiwa mbaya, shauri yako. Mimi niliishia darasa la pili, wewe hata mlango wa shule hukuujua.

Umekufa vibaya. Si kwa kufa, hiyo ni zamu ya kila mtu. Umekufa ukimtaja dada yako Mwanaidi: "Ndiye aliyenifunga kifua." Ukakata roho. Tangu tukuzike Kwedizinga, hakuna aliyekunywa maji ya mtungi wake. Mumewe akataka kumrudisha kwao. Kwao wapi, Mhina? Kwao ni kwako, na wewe ni udongo.

Mpumbavu wewe. Daktari wa Korogwe alikwambia nikisikia: hii ni pumu, njia za pumzi zinabana, toka chumba cha brashi mnakosafishia nyuzi, vumbi la mkonge litakumaliza. Ukanigeukia: "Vumbi tunalila wote, mbona wewe kifua hakipigi filimbi?" Na mashine ya brashi ilipoharibika, ukakaa nyumbani, nani alikupikia uji? Mwanaidi. Ukalala kama gogo. Mashine ikapona, wewe ukaugua. Hata mbuzi angeelewa.

Basi juzi, kwenye arobaini yako, nikachukua haki yangu ya utani. Nikavaa kanzu yako, nikajizungushia nyuzi za mkonge shingoni, nikapiga miluzi ya kifua chako mbele ya wazee. Walicheka, hata mjane wako. Nikiwa ndani ya kanzu hiyo hiyo nikasema: "Mimi Mhina nilikuwa mjinga. Vumbi limeniua, nikamsingizia dada yangu." Kicheko kikakatika. Lakini nani amkaripie mtani msibani? Mjomba wako akakohoa kidogo, akamwambia Mwanaidi, "Mwanangu, nipe maji." Akanywa kata nzima. Mume wa Mwanaidi akaomba yaliyobaki mtungini.

Wapo wanaonong'ona bado. Nakuahidi, kila atakayemwita mchawi nitakwenda kumkoholea mlangoni kwake, kwa kifua chako, mpaka aone haya.

Sijakusamehe. Lala huko, Mhina. Mimi nina kazi uliyoniachia, nami kifua sasa kimeanza kunibana kwa vumbi lile lile.

Mtani wako