Tajiri Mpya wa Sukulu

Tororo, Jumanne

Neno moja tu, na halitaki kunitoka kichwani.

Leo nilikuwa mkalimani wa Mzungu wa madini kule kilimani Sukulu. Aliahidi reli, nyumba za mabati, taa za umeme, maisha ya raha. Akasema kilima kina utajiri. Nikawaambia watu, "Kilima hiki ni tajiri."

Huku kwetu tajiri ni yule aliyekuandika kazi. Mama Nyakecho, mwenye shamba la wimbi pale juu, akauliza, "Nalima hapa tangu niolewe, kumbe mimi kibarua wake?"

Watu wakacheka. Mzungu akaniuliza wanacheka nini. Nikasema wamefurahi.

Naye akafurahi, akaamuru vigingi vya mgodi vipigwe katikati ya lile wimbi.

Amri hiyo sikukosea kuitafsiri.