Siku Sista Alipoacha Kututukana

Ipagala, Dodoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na yule jogoo wako anayefukuza wageni, bado yupo? Nina sababu ya kumuulizia. Sisi hatujambo, wote watatu. Mwambie anayekusomea arudie hapo: wote watatu.

Najua kwenye simu nilikuwa nakujibu kwa mkato. Mjukuu wako alizaliwa njiti, miezi miwili kabla ya siku zake, akalazwa wodi ya watoto wachanga wagonjwa, mpira wa oksijeni puani, maziwa kwa matone. Tulimwita Kalunde, jina lako, ili aone aibu kutuacha.

Nesi wa pale, Sista Eliza, ni Mgogo wa Chamwino mwenye sauti ya mnadani. Alipojua sisi Wanyamwezi, utani wa makabila yetu ukaanza palepale. "Mpagazi gani huyu? Babu zenu walipita hapa na pembe za ndovu mabegani, nyinyi mnatuletea kitu kinacholemewa na kofia! Na ushuru wa kupita Ugogo mmelipa?" Nikamjibu kwamba kwa vumbi lao lile, mtoto ameamua kubana pumzi. Kila siku Kalunde mvivu, Kalunde sura kama mlenda mkavu. Nisamehe, Mama, jina ni lako na mimi nilikuwa nacheka.

Mkweo alikuwa bado na mshono, kwa hiyo mtoto nilifungiwa mimi kifuani, ngozi kwa ngozi. Dereva mzima wa wizara kule Mtumba, shati wazi, khanga ya maua, katikati ya akina mama! Sista akawatangazia, "Njooni mwone Mnyamwezi anayebebea mzigo mbele."

Asubuhi moja nikamkuta Kalunde amerudishiwa oksijeni. Maambukizi yameingia kwenye damu, maziwa hataki, na alikuwa anasahau kupumua mpaka afinywe unyayo. Nikamwuliza Sista, "Mgogo, mmemfanya nini mpagazi wetu?"

"Karibu, baba Kalunde," akasema taratibu. "Pole sana. Kaa hapo."

Madaktari walikuwa wapole tangu mwanzo, upole wao nilishauzoea. Lakini mtani, ambaye hata msibani hutania, akuite baba fulani na kukupa pole? Nilitoka nje nikalia nimeegemea ukuta. Siku zilizofuata ilikuwa "habari za asubuhi, baba Kalunde" na "Mungu yupo, baba Kalunde." Nikamwomba anitukane hata kidogo. Akatikisa kichwa tu, akaenda kupima joto.

Si wote waliotoka na mtoto, Mama. Jirani yetu wa kitanda cha dirishani aliondoka na khanga tupu mkononi. Sista alimsindikiza mpaka getini, amemshika mkono. Niliogopa sana.

Halafu Ijumaa, nikiwa bado koridoni, nikasikia ile sauti ya mnadani: "We Kalunde! Mwizi mkubwa! Maziwa ya leo umemaliza, ya kesho utaiba kwa nani?" Niliingia mbio bila kuvua viatu. Mtoto alikuwa ananyonya mwenyewe, amekunja ngumi. Nikapiga magoti nikalia mbele ya watu wote.

"Inuka, Mnyamwezi," Sista akasema. "Unanilowanishia sakafu."

Jana tumeruhusiwa, ila Sista anasema ametuazima tu mtoto. Mpagazi hatoki Ugogo bila ushuru, na ushuru lazima aulete mwenye jina mwenyewe. Kwa hiyo njoo, Mama, na mfunge miguu huyo jogoo uje naye. Ukifika Sista akakutukana, ujue mjukuu wako mzima.

Nisalimie kaka na mizinga yake ya nyuki, na shangazi aliyefunga kwa ajili yetu. Mdogo wangu anayekusomea nampa pole, na asiruke matusi.

Ni mimi mwanao,
Hamisi, baba Kalunde. Waniite hivyo watu wote, isipokuwa Sista.