Buti za Mwenye Kwato

Kwa kaka yangu, Jaji wa meza yetu,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, unakula, unalala, na lile jino lako la nyuma limeacha kukusumbua. Kama bado linakusumbua, nenda kaling'oe, acha woga. Sisi huku tunaendelea. Mama hajambo kwa kiasi chake. Macho yamepungua nguvu na magoti yanalalamika akipanda ngazi, lakini ulimi uko palepale ulipouacha. Mimi pia mzima. Kabla sijaendelea nina ombi dogo. Nakujua wewe ni mtu wa kusoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho, kisha unatuharibia hadithi sote. Safari hii soma kwa mpangilio, tafadhali. Usiruke.

Barua hii nimempa tena rafiki yako fundi umeme, kwa sababu namba yako tuliyo nayo haipatikani, na ni yeye tu anayesema anajua unapokaa. Ile ya kwanza aliapa kwamba aliiweka mkononi mwako. Mimi sikuwepo, siwezi kumbishia. Humo nilikueleza kwamba baba amekatwa mguu, na kwamba ana ombi moja tu kwako, nalo linahusu buti. Kama uliisoma, unajua ninachosema. Kama uliikunja ukaitia mfukoni, basi acha nianze tangu shina.

Unakumbuka ulivyouleta ule mchezo nyumbani? Kitabu cha sheria ulichotoa fotokopi kwa wenzako wa shule, kurasa nyingine zimefifia hata hazisomeki, na zile dadu za pembe nyingi ambazo mama alidhani ni pipi. Ulitwambia kila mtu achague mhusika na jamii yake, na kumbe kila jamii isiyo ya binadamu ilikuwa na makatazo yake ya mavazi na silaha. Mimi nikachagua mwenye mabawa, nikaambiwa sivai koti wala deraya, vazi la chuma la vitani. Mama akachagua jitu lenye pembe, akaambiwa havai kofia ya chuma. Baba alikuwa kwenye kona yake anabandika soli, wala hatukudhani anasikiliza, mara akasema naye anataka kucheza, na anamtaka yule mwenye kwato, kwa kuwa anaonekana ni mtu wa kutembea. Ukamsomea: wenye kwato hawavai viatu, hawavai buti, hawavai chochote cha miguuni. Baba akashusha nyundo. Fundi viatu mzima, aliyetulisha na kutusomesha kwa viatu, mtu wake atembee pekupeku! Mama alicheka hadi akatoka nje kutafuta hewa.

Kitabu chenyewe kilisema mwendesha mchezo anaweza kulegeza katazo akiridhika, na wewe ulilegeza, ila hukuwahi kutoa kitu bure. Nilipotoboa matundu mawili mgongoni mwa koti langu la shule ili nikuonyeshe mabawa yatapita wapi (nilichapwa kwa ajili ya lile koti, usijifanye umesahau), ulisema ruhusa, lakini mvua ikinyesha maji yaingie na nguvu zipungue. Mama alipoomba kofia yenye nafasi za pembe, ulisema ruhusa, lakini asimsikie anayemjia kwa nyuma. Hukuwa na "ndiyo" isiyo na "lakini" mkiani. Hata ukitumwa chumvi uliileta na sharti. Ndipo tukakupa jina la Jaji, na jina likakukaa.

Baba peke yake hukumlegezea. Alikwenda kwa mwenye bucha akaomba mguu wa mbuzi, akaushonea kibuti kizuri cha ngozi nyekundu, akakiweka juu ya meza katikati ya dadu kama wakili anayeleta ushahidi. Ukakitazama mbele na nyuma, ukasema kazi ni nzuri, lakini mbuzi huyu amekufa, hatembei, na sheria inawahusu wanaotembea. Tulianguka kwa kicheko. Baba naye alicheka, ila jioni mbili tatu zilizofuata hakukaa mezani, alisema ana viatu vya watu. Na kifungo chake cha shaba, kile alichokitumia kuwa mtu wake, kikabaki ukingoni mwa lile Bonde la Mawe Makali, kwa sababu kila akijaribu kuvuka kwato zinapasuka. Sisi wote tulivuka tukamwacha. Nimelifikiri sana jambo hili, kaka. Nadhani pale mezani ndipo mahali pekee ambapo baba alikuwa anakuomba wewe kitu, wala siyo wewe unayemwomba yeye, nawe ukanogewa.

Sitarudia yale ya siku uliyoondoka. Ulisema yako, kwamba hutamaliza maisha yako umeinama miguuni pa watu, na baba akaendelea kushona. Nikwambie tu kitu ambacho hukukiona kwa kuwa ulikuwa umeshatoka: kile kiatu alikishona upogo. Ilibidi akifumue chote. Sijawahi kumwona akifumua kazi yake kabla ya siku ile wala baada yake.

Sasa njoo kwenye ugonjwa. Sukari ilianza polepole, akaificha kama anavyoficha kila kitu. Kidonda cha unyayo kilipotokea alikifunika kwa kipande cha ngozi laini na gundi, eti anajua ngozi kuliko daktari. Mama alipokigundua kwa harufu, tulikuwa tumechelewa. Wakakata chini ya goti. Mguu uliobaki nao ukavimba, daktari akasema usiingizwe kwenye kiatu cha aina yoyote mpaka atakaposema yeye. Kinyozi hajinyoi, ndivyo majirani walivyosema, na baba alikuwa wa kwanza kuusema msemo huo kabla hawajamaliza kukaa. Alipopewa magongo akawa anapita ukumbini, ko, ko, ko, halafu anatuuliza kama tunasikia kwato. Akasema hatimaye Jaji ameshinda, sasa yeye ni mwenye kwato kweli, na katazo limemfikia mwilini. Mimi nilikuwa nacheka mbele yake, kisha naingia bafuni kulia, nafungua bomba ili mama asinisikie.

Ndipo alipoanza zile buti. Alichonga magogo mawili ya mti kwa umbo la kwato, ukubwa wa mtu mzima, akaniambia kibuti cha mbuzi kilikuwa mzaha na Jaji alikuwa na haki ya kukikataa. Taabu ya kwato, alinieleza, haina kisigino, kwa hiyo kiatu hakina cha kushika, mtu akipiga hatua kinachomoka. Alishona akafumua, akashona akafumua. Mwishowe akaweka ukuta mdogo wa ngozi ndani, pale kwato inapogawanyika, na mkanda mpana wa kufunga juu ya kifundo. Ukizishika huwezi kuamini kwamba ni za mtu asiyekuwepo. Zina soli tatu kwa ajili ya mawe.

Zilipokwisha, mama alimwambia si amvalishe tu mtu wake, huu ni mchezo, nani atamshika? Baba alikasirika kweli. Alisema yeye havai kwa wizi, na mchezo usio na jaji ni fujo. Jaji yupo, ana anwani, aulizwe. Hapo ndipo nilipokuandikia ile barua ya kwanza. Baada ya hapo, kaka, kazi ya baba ilikuwa kusikiliza mlango. Mtu wa maji akibisha, anainua kichwa. Mtoto wa jirani akibisha, anainua kichwa. Nikitoka kazini haniulizi habari za huko, ananitazama mikononi. Wala hakuwa anataka buti, nadhani hilo unalijua hata kama ni mkaidi. Alitaka neno lako. Lolote. Hata ungemwandikia "hapana" angeibusu ile karatasi.

Alizidi kudhoofika. Kidonda cha mguu wa pili kikafunguka, na daktari akamwita mama pembeni. Basi nikafanya nilichofanya. Nilirudi nyumbani nikasema nimekutana na fundi umeme sokoni, amezungumza nawe kwa simu, na Jaji amesema ruhusa. Mama aliacha kupepeta mchele. Baba akaniuliza, amesema tu ruhusa, basi? Nikasema ndiyo baba, ruhusa, basi. Akanitazama, kisha akatabasamu tabasamu lile la upande mmoja, akaomba meza isogezwe kitandani.

Tukacheza mchana ule wote. Mimi ndiye niliyeendesha, vibaya, nasahau hesabu za dadu, mama ananisahihisha. Buti zilikuwa kifuani pake, mkono mmoja juu yake. Kifungo cha shaba kikaingia bondeni, na kwa kila jiwe akawa anatusimulia soli inavyolia na jinsi jiwe linavyohisika chini ya mguu, hadi mama, yule mama asiyekuwa na subira na hadithi, akaweka shavu mkononi akasikiliza. Akavuka. Jitu lenye pembe likampokea ng'ambo, mimi nikapiga kelele kama mwehu. Muda mrefu nyumba yetu haikuwa na sauti ile.

Kaka, baba hayupo. Asubuhi moja ya juma lile mama alimpelekea chai, akarudi nayo ikiwa imejaa, akaiweka mezani, akakaa. Tumemzika. Nilikuwa nakupigia ile namba isiyopatikana, napiga tena na tena kama mjinga. Waliokuja ni wengi, na nusu yao walikuwa wamevaa kazi ya mikono yake. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikawa natambua watu kwa viatu. Yeye tulimzika pekupeku, maana mguu uliobaki haukuwa unaingia popote. Mama alitaka zile buti ziende naye. Mimi nilikataa, tukakosana mbele za watu, na sababu ya kukataa kwangu hakuna anayeijua. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Jioni ya ule mchezo, mama alipotoka, nilikuwa namwekea mto vizuri. Baba akaniambia kwa upole kwamba siku nyingine nikitaka kusema uongo kwa jina la Jaji, nisisahau kuweka sharti. Alisema ruhusa tupu, isiyo na "lakini", haijapata kutoka kinywani mwa mwanawe tangu azaliwe, na alijua pale pale niliponyamaza. Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwuliza kwa nini basi alicheza. Akasema mama alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa nimehangaika, na bonde lenyewe alitaka kuliona japo mara moja. Kisha akaniomba nikichukue kile kifungo nikirudishe upande wa huku, pale kilipokuwa, kwa sababu bado hajaruhusiwa. Nilikirudisha mwenyewe, yeye akiangalia. Akaniambia nisichoke kukuuliza; ndiyo maana sikukubali buti zizikwe.

Kwa hiyo nimekuja kukuuliza, kaka. Sina hasira nawe leo. Jana nilikuwa nayo, na kesho huenda ikarudi, lakini leo sina, ndiyo maana nimeandika leo. Ukitaka kurudi, mlango unaujua, na kona ya baba nimeifagia, nyundo iko juu ya meza yake. Na hata kama hurudi, andika. Meza tumeiacha ilivyo, mama hataki hata kuitandika, tunakula jikoni. Buti ziko pembeni, zimepakwa rangi. Kifungo kiko ukingoni. Mwenye kwato anaomba kuvaa ili avuke. Toa hukumu yako, na sharti lake, kaka, liwe gumu kama unavyopenda, ila lisikosekane.

Mama anakusalimu sana. Anauliza kama unakula, na anasema usimjibu kwa maneno, uje aone mwenyewe. Mwenye bucha naye, aliyetoa ule mguu wa mbuzi, anakupa pole. Jitunze, na jino hilo uling'oe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwenye Mabawa